Gwaride la Kasarani kwa betri moja

Leo naweka kando mambo ya programu. Juzi nilikuwa nahamisha picha za zamani kutoka diski moja hadi nyingine, nikakutana na folda ya tarehe 12 Desemba 2013, siku Kenya ilipotimiza miaka 50 ya uhuru. Mna picha za wanajeshi, za bendi, za akina mama waliovaa leso za bendera. Za ndege hakuna hata moja, na nataka kueleza kwa nini.

Kwanza ufundi kidogo. Kamera niliyokuwa nayo ni ya aina ile yenye kioo ndani. Ukitazama kwa kitundu chake, betri haifanyi kazi kubwa, kwa sababu kioo hicho ndicho kinachokuletea mwanga jichoni. Ukitaka kuona kupitia skrini ya nyuma, kioo hunyanyuka, kihisi cha mwanga huwaka bila kupumzika, na skrini yenyewe hula umeme kama mgeni wa sikukuu. Betri ya kupiga picha mamia humalizika upesi sana kwa njia hiyo. Mimi nilikuwa na betri moja.

Gwaride lilikuwa Kasarani, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Tulifika alfajiri, mimi na babu yangu. Hata miezi mitatu haikuwa imetimia tangu shambulizi la Westgate, kwa hivyo upekuzi langoni haukuwa wa mchezo. Askari aliniambia nipige picha mbele yake ahakikishe kwamba kamera ni kamera. Ndiyo maana picha ya kwanza kwenye folda ni ya buti lake (linang'aa kweli kweli).

Sasa, babu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 alikuwa kijana, akatembea hadi pale panapoitwa leo Uhuru Gardens. Saa sita kamili taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, taa zikawashwa na ya Kenya ikapanda. Watu waliiona. Babu alikuwa nyuma kabisa, akaona migongo. Alisikia mayowe tu, naye akapiga mayowe. Miaka 50 baadaye alitaka kuona bendera ikipita, na wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili.

"Babu, unaona?"

"Naona wekundu unatembea."

Wekundu ule ulikuwa sare za wanajeshi. Walikuwa karibu kuanza kuitembeza bendera ya kikosi mbele ya safu, kwa mwendo ule wa polepole. Desturi hii tuliirithi kwa Waingereza, na zamani haikuwa pambo: askari alionyeshwa bendera ya kikosi chake ili aitambue katikati ya moshi wa vita na ajue pa kukimbilia.

Nilijua ndege za Jeshi la Wanahewa zingekuja baadaye, na hizo ndizo nilizozibebea lenzi ya milimita 300. Niliwasha skrini. Nikaivuta bendera karibu mara tano zaidi, nikaishika kamera mbele ya uso wa babu, karibu kugusa pua. Mikono yangu ilitetemeka na picha ikatetemeka nayo.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, babu."

Hakusema kitu. Aliifuata safu nzima, na ilipogeuka akaugeuza uso pamoja na kamera. Alama ya betri ilikuwa imeanza kumetameta, nikaiacha imetemete.

Ndege zilipopita kila mtu aliinua simu yake. Mimi niliinua kichwa. Babu aliniuliza ni ngapi, nikamhesabia, akasema zina kelele kuliko adabu.

Picha ya mwisho kwenye folda aliipiga yeye mwenyewe, kabla kamera haijazima. Alikuwa ametaka kujua kitufe kiko wapi. Kidole gumba chake kimefunika robo ya picha, na kwenye zile robo tatu uwanja umelala upande kama meli inayozama, bendi ikiwa kwenye kona. Alifariki mwaka 2017. Nimetengeneza nakala tatu za faili hiyo, na moja iko kwa shangazi kijijini, kwenye karatasi.