MAJI YA MAGOTINI YANATOSHA

Likizo ya mtu wa bara asiyejua kuogelea

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kama ulizaliwa pwani, makala haya huenda yakakuchekesha. Yameandikwa kwa ajili ya yule aliyezaliwa mbali na bahari, ambaye hakufundishwa kuogelea, na ambaye kila likizo ifikapo jamaa zake wa Lindi, Mtwara au Kilwa humwita ufukweni, naye hujibu kwamba ufukweni si pake. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nilizaliwa Ruponda, wilayani Nachingwea, nchi ya mikorosho, ufuta na karanga, na hadi mwaka jana nilikuwa sijapata kuingiza mguu baharini kupita kifundo.

Kwetu Ruponda maji ni kitu cha kuchota, si cha kuingia. Wakati wa kiangazi mito yetu mingi ni mchanga mtupu, na akina mama huchimba visima ndani yake. Masika yakianza, mto ule ule uliouvuka jana kwa viatu huja na magogo. Kaka yake mama yangu alichukuliwa na Mbwemkuru kabla mimi sijazaliwa, akirudi kutoka kuuza ufuta. Tangu siku hiyo ikawa sheria katika nyumba yetu kwamba mtoto asicheze penye maji yanayopita goti. Mama alikuwa na maneno yake: "Maji hayana shina wala tawi. Ukianguka utashika wapi?" Kwa hiyo tukakua watoto sita, wote wazima, na hata mmoja asijue kuogelea.

Hata hivyo, si kweli kwamba sisi na bahari hatujuani. Chumvi yetu na ng'onda zetu hutoka huko. Mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mpango wao mkubwa wa karanga, Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu walizozichagua, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa bandari mpya Mtwara, ambako mlango wa bahari una kina kirefu, na reli ikatandikwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mpango wenyewe ulivunjika mapema mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Wazee wetu walisafisha pori ili karanga ziende baharini, lakini wengi wao walikufa bila kuiona bahari yenyewe. Mama yangu, mwenye umri wa miaka sitini na nane, alikuwa karibu kuingia katika hesabu hiyo.

Basi, mwishoni mwa mwezi wa Agosti, ufuta ukiwa umekwisha kuuzwa na korosho hazijaanza kuanguka, nilichukua likizo yangu, nikamchukua mama na binti yangu wa miaka saba, tukapanda basi. Mama alikubali kwa sharti moja, nalo ni kuitazama bahari kwa macho tu. Tulipita Masasi, Ndanda, Mtama na Mnazi Mmoja, na barabara ilipoteremkia Mikindani, mji mkongwe ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, ghuba ikafunguka mbele yetu. Mama alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na ng'ambo yake iko wapi?"

SAA YA BAHARI IKO MBINGUNI

Kutoka Mtwara mjini, kivuko hukuvusha kwa muda mfupi tu hadi Msangamkuu, rasi iliyo ng'ambo ya bandari. Jina lenyewe ni mchanga mkuu, na ukifika utaona kwamba halikutiwa chumvi. Maji yakitoka, nchi ya mchanga na majani hubaki wazi, nawe waweza kuitembea kama mtu anayekagua shamba lake.

Hapa ndipo mtu asiyejua kuogelea anapopaswa kujifunza somo lake la kwanza. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiwa mpevu, na vilevile unapoandama, huja bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kukupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kukupwa hupita meta tatu. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayatoki mbali wala hayaji juu. Siku za bamvua, katika pwani hii, maji hufika mwisho wa kukupwa karibu na saa nne asubuhi. Kwa hiyo ukitaka kuiona bahari bila kuogelea, usitazame kalenda ya ofisi, tazama mwezi. Panga kufika siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, shuka ufukweni saa tatu asubuhi ukiyafuata maji yanapotoka, na uwe umekwisha kurudi nchi kavu kabla ya saa tano kupita.

Somo la pili tulipewa na mama mmoja mvuvi wa pweza, ambaye tulimkuta akishuka na fimbo yake na kikapu. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba sisi ni watu wa bara na hatujui kuogelea. Akacheka, akamgeukia mama yangu.

"Mwenzangu, hata mimi sijui kuogelea," alisema. "Miaka thelathini nafanya kazi hii. Naingia kwa miguu, natoka kwa miguu. Kinachotakiwa ni kujua saa ya kutoka."

Mama yangu, aliyekuwa ameketi chini ya mnazi kwa nia ya kutoinuka, alimtazama yule mama kama mtu aliyesikia habari mpya. Lakini hakuinuka.

BUSTANI CHINI YA MAGOTI

Vaa raba kuukuu, maana chini kuna mawe yenye makali na wadudu weusi wenye miiba mirefu kama ya nungunungu. Unapotembea katika mchanga usinyanyue miguu, bali iburure polepole, ili taa aliyejifukia chini asikie ukija na ajiondokee. Miba ya taa humpata yule anayemkanyaga. Usiokote kombe lolote lenye mnyama hai ndani yake, kwani yuko konokono mzuri mwenye umbo la pia na madoa ya kupendeza, ambaye sumu yake imepata kuua watu. Na jua lisikudanganye kwa kuwa upepo wa kusi ni baridi. Vaa kofia na shati la mikono mirefu.

Ukiyashika hayo, tembea. Tulipita kwanza kwenye majani marefu ya kijani yaliyolala juu ya maji. Wengi huyaita mwani, lakini haya ni mimea kamili, yenye mizizi na maua, nayo ndiyo malisho ya kasa na nguva. Ndani yake walikuwamo viti vya pweza, wekundu na wenye vinundu, wakubwa kupita kiganja changu. Walikuwamo majongoo bahari, waliolala kama mihogo iliyosahauliwa, ambao kazi yao ni kuula mchanga na kuutoa ukiwa safi. Katika kidimbwi kimoja binti yangu alihesabu samaki wadogo wa rangi saba, kisha akapoteza hesabu.

Nilikuwa nimenunua miwani ya kuzamia, na jamaa zangu walinicheka: miwani ya kuzamia ya nini kwa mtu asiyezama? Ndugu msomaji, hiki ndicho kifaa kitakachokufaa kuliko vyote. Simama mahali maji yanapofika magotini, shika magoti yako kwa mikono miwili, vuta pumzi, inama, tia uso majini. Miguu yako iko chini, nawe huna haja ya kuelea. Mara ya kwanza niliruka kama niliyeungua. Mara ya tatu niliona tumbawe lenye ukubwa wa sufuria, na samaki wa manjano wakiingia na kutoka kama watoto mlangoni. Yako matumbawe ya aina hiyo ambayo hukua kwa sentimeta moja tu hivi kwa mwaka, kwa hiyo lile dogo nililoliona huenda lilikuwa na umri wa kunikaribia mimi. Usilikanyage wala usilishike. Matumbawe ya pwani yetu yamekwisha kuteseka ya kutosha. Baruti za wavuvi wasio na huruma ziliyavunja kwa miaka mingi, na mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya mengi kuwa meupe na kufa.

Yule mama mvuvi alituonyesha pweza kabla hajamvua. Sisi tuliona jiwe tu, yeye akaona jiwe linalopumua. Alipoligusa kwa fimbo, jiwe likageuka jekundu, kisha kijivu, kisha likateleza shimoni. Mnyama huyu ana mioyo mitatu na damu ya rangi ya samawati, na maisha yake yote ni ya mwaka mmoja hivi. Ndiyo sababu vijiji kadhaa vya pwani ya Afrika ya Mashariki vimejifunza kufunga miamba yao kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha kuifungua siku moja kwa wote.

KOSA LANGU

Sasa sina budi kueleza jambo ninaloliona haya. Ilipofika karibu na saa tano, yule mama alitugeukia akasema, "Tutoke." Nilimjibu kwamba tutamfuata. Binti yangu alikuwa ameona viti vya pweza vingine juu ya fungu lililoinuka mbele kidogo, na pale juu ya fungu maji yalikuwa hayafiki hata kifundo. Tukaenda.

Maji, ndugu msomaji, hayaji kutoka mbele tu kama mtu anayekuja kukusalimu. Hupita kwenye mifereji, yakazunguka nyuma yako. Tena hayaji kwa mwendo mmoja; saa ya kwanza huja taratibu, na katika saa ya tatu na ya nne peke yake huingia karibu nusu ya maji yote. Mimi nilidhani nina wakati. Nilipogeuka, kati yetu na ufuko palikuwa na mkondo ambao tulipokuja ulikuwa dimbwi. Nilimbeba mtoto mgongoni nikaingia. Maji yakafika magotini, yakafika mapajani, na mchanga ukaanza kukimbia chini ya raba zangu. Nikasimama. Nilishindwa kwenda mbele na nilishindwa kurudi.

Yule mama mvuvi alikuwa akinipigia kelele nisogee upande wa kulia, ambako chini palikuwa na mwamba. Lakini niliyemwona mimi ni mama yangu. Alikuwa ameinuka chini ya mnazi, ameingia baharini na viatu vyake, na maji yalikuwa yamempita magoti. Alikuwa ameifungua khanga yake ya juu, akaisokota, na upande mmoja akaurusha kwangu. Mara mbili ilianguka majini. Mara ya tatu niliishika. Hakunivuta kwa nguvu, maana nguvu hana. Ila nilikuwa nimepata tawi la kushika, na hatua kumi baadaye tulikuwa kwenye mchanga mkavu.

Hakunigombeza. Alikaa chini, akakamua khanga yake, akamtazama mjukuu wake ambaye hakuelewa kwa nini watu wazima wamenyamaza. Kisha akasema, "Mtoto huyu afundishwe kuogelea." Kutoka kinywani mwa mama yangu, maneno hayo yalikuwa sawa na kuifuta sheria iliyotutawala kwa miaka arobaini na zaidi.

KWA WATAKAO ZAIDI

Yapo mambo mengine ambayo mtu wa bara anaweza kuyafaidi bila kulowa sana. Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi hupita wakiwa na watoto wao, na ukiwa na bahati utawaona wakipiga maji kwa mbali. Lakini usitembee majini pale bila kuuliza wenyeji, kwani ziko sehemu ambako kina huanza karibu kabisa na mchanga. Kisiwani Mafia, kulikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari ya Tanzania mwaka 1995, papa potwe huja karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula viumbe vidogo tu, kwa hiyo unaweza kumtazama ukiwa umeketi ndani ya mashua. Kwa majirani zetu wa Kenya, katika hifadhi za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, ziko mashua zenye kioo sakafuni. Ukipanda chombo chochote, dai jaketi la kuokolea maisha na ulivae kabla nanga haijang'olewa. Nahodha akikucheka, mwache acheke.

Wazee walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Wengi huutumia msemo huo kumdharau chungu. Mimi tangu Msangamkuu nauona vingine: chungu yule anajua kipimo chake, na ndani ya kipimo hicho anaiona bahari nzima.

Tulirudi Ruponda. Binti yangu sasa anafundishwa kuogelea Mtwara kwa shangazi yake kila likizo, na mimi nimeahidi kujifunza pamoja naye. Mwezi uliofuata nilikuwa nyumbani, tumeketi uani tukimenya karanga. Mwezi mpevu ulipanda juu ya mikorosho. Mama aliutazama, akahesabu kwa vidole, kisha akasema kana kwamba anazungumzia shamba la jirani, "Kesho saa nne maji yatakuwa yametoka. Yule mwenzangu atakuwa anashuka."