Sura ya Shujaa: Mpenzi wa Filamu na Suala la Uteuzi wa Waigizaji

Wapo watazamaji ambao kwao filamu haianzi pale taa za ukumbi zinapozimwa, bali huanza siku inapotangazwa ni nani aliyeteuliwa kuiigiza. Mpenzi wa filamu anayezungumziwa katika makala haya ni mmoja wao. Yeye ni mwalimu wa fasihi katika shule ya upili, na kwa zaidi ya miaka arobaini amekuwa akizihukumu filamu za majagina, yaani wale mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu, kwa swali moja: je, huyu aliyeteuliwa ndiye hasa? Swali hilo aghalabu wasomi huliona la kitoto. Hata hivyo, likichunguzwa kwa makini ni swali la uhakiki, maadamu humlazimisha anayeliuliza aeleze anachodhani ndicho kiini cha mhusika. Anayesema kwamba fulani hafai kuwa Superman hana budi kuwa na nadharia yake kuhusu Superman, hata kama hajapata kuiandika popote.

Nadharia ya kwanza ya mpenzi huyu ilikuwa ya umbo. Alilelewa Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kaka yake, aliyemzidi kwa miaka minne, alimpeleka kutazama Superman, filamu ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Richard Donner. Waliporudi mtaani, wavulana waligawana nafasi. Kaka akawa Superman, kwa kuwa alikuwa mrefu mwenye kifua kipana, na leso ya mama yao ikawa joho. Mdogo, aliyekuwa mfupi na mwembamba, akapewa nafasi ya mtu wa kuokolewa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mchezo ulikuwa umekwisha kujibu: shujaa ni mwili wake.

Jambo ambalo mpenzi huyu alikuja kuling'amua baadaye ni kwamba filamu yenyewe iliipinga nadharia hiyo. Christopher Reeve alipoteuliwa alikuwa kijana mwembamba. Ilibidi afanyishwe mazoezi ya kujenga misuli chini ya David Prowse, yule aliyekuwa ndani ya vazi la Darth Vader katika Star Wars ya mwaka 1977. Lakini si misuli iliyobaki katika kumbukumbu za watazamaji. Kuna onyesho fupi nyumbani kwa Lois Lane, ambapo Clark Kent, akiwa peke yake kwa dakika chache, anaazimia kuitoboa siri yake. Anavua miwani, mgongo unanyooka, mabega yanapanuka, sauti inashuka na kuwa nzito. Kisha moyo unamwishia. Anarudi kujikunja na kuwa mwandishi wa habari mwoga wa awali. Hakuna hila ya kamera iliyotumika. Mwili mmoja umebeba wahusika wawili mbele ya macho ya mtazamaji. Kwa miaka mingi mwalimu huyu amekuwa akilitumia onyesho hilo kuwafundishia wanafunzi wake usawiri wa wahusika, akisisitiza kwamba sifa ya mhusika haimo katika kimo chake bali katika namna anavyokibeba kimo hicho.

Filamu nyingine ambayo hajapata kuiacha ni Sholay ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kuandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Kama wakazi wengi wa pwani, yeye na kaka yake walizijua filamu za Kihindi kabla ya kuzijua za Marekani, na kaka huyo aliweza kuyakariri maneno ya jambazi Gabbar Singh bila kuelewa hata moja. Nafasi ya Gabbar ilikuwa imekusudiwa Danny Denzongpa. Majukumu mengine yalipomzuia, ilimwangukia Amjad Khan, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa katika filamu. Leo ni muhali kumfikiria Gabbar mwenye sura nyingine. Hapa mpenzi wa filamu hukutana na kitendawili cha kwanza cha uteuzi: kile ambacho mtazamaji anakiona kuwa ni lazima, mara nyingi kilikuwa ni bahati.

Kitendawili cha pili kilimfedhehesha. Michael Keaton alipoteuliwa kuwa Batman katika filamu ya Tim Burton ya mwaka 1989, maelfu ya wapenzi wa vibonzo waliandika barua za kulalamika. Keaton alijulikana kwa vichekesho. Hakuwa na kidevu cha kishujaa wala mabega mapana. Mpenzi huyu, aliyekuwa kijana wa chuo cha ualimu wakati huo, hakuandika barua yoyote, lakini aliwaapia wenzake kwamba filamu hiyo ni kichekesho kilichovishwa joho. Alipokuja kuitazama katika kanda ya video, alinyamaza. Hoja ya Burton ilikuwa kwamba mtu mwenye misuli na nguvu za kutosha hana haja ya kujivika sura ya popo. Anayejivika ni yule mwenye upungufu anaotaka kuuficha. Uteuzi wa Keaton, kwa hivyo, ulikuwa ufafanuzi. Mwongozaji alikuwa amemsoma Batman kwa undani kuliko waliodai kumpenda. Mambo yalijirudia Heath Ledger alipoteuliwa kuwa Joker katika The Dark Knight. Malalamiko yalikuwa mengi. Ledger akafariki Januari 2008, filamu ikatoka miezi michache baadaye, na mwaka 2009 akatunukiwa tuzo ya Oscar akiwa marehemu. Tangu hapo mpenzi huyu amejiwekea kanuni ya kutotoa hukumu kabla ya kuona, kanuni ambayo, kwa kukiri kwake mwenyewe, huivunja kila mwaka.

Kutokana na hayo, aliiacha nadharia ya umbo na kuchukua nyingine aliyoipata katika taaluma yake ya fasihi simulizi. Hakuna msimulizi aliyemwona Fumo Liyongo kwa macho. Kila fanani humpa Liyongo sauti na kimo kwa kadiri ya pumzi yake, na fanani anapokufa, Liyongo hafi naye; amekwisha kufa mara moja tu, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mkono wa mwanawe. Shujaa ni mali ya mapokeo. Mwili ni wa kuazimwa. Kwa mtazamo huo, Superman aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kuchapishwa mwaka 1938 ni kama mhusika yeyote wa masimulizi. Amekaa katika mwili wa George Reeves, wa Christopher Reeve, wa Brandon Routh mwaka 2006, wa Henry Cavill mwaka 2013 na wa David Corenswet mwaka 2025. Reeve alipoanguka kutoka mgongoni mwa farasi mwaka 1995 na kupooza, na alipofariki mwaka 2004, ulimwengu ulimlilia yeye. Superman aliendelea kuruka. Nadharia hii ilikuwa safi, ilifundishika, na mwalimu aliifundisha kwa raha hadi Agosti 2020.

Black Panther alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Chadwick Boseman alimwigiza mara ya kwanza katika Captain America: Civil War ya mwaka 2016, kisha katika Black Panther ya Ryan Coogler ya mwaka 2018. Boseman alishikilia kwamba T'Challa azungumze Kiingereza chenye lafudhi ya Kiafrika, kwa hoja kwamba mfalme wa nchi ambayo haikupata kutawaliwa na wakoloni hana sababu ya kuzungumza kama Mwingereza au Mmarekani. Aidha, ni uteuzi uliozipa filamu hizo lugha yake. John Kani wa Afrika Kusini, aliyeteuliwa kuwa mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa, ndiye aliyeileta lugha ya mama yake, Kixhosa, na hivyo Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda. Mpenzi huyu huliona jambo hilo kuwa ushahidi mkubwa kwamba mwigizaji si chombo kitupu: mtu mmoja aliingia katika kazi akiwa na ulimi wake, na taifa zima la kubuni likaanza kuuzungumza. Filamu ilipofika Kenya, ambako Lupita Nyong'o aliyeigiza Nakia ana mizizi yake Kisumu, furaha ilikuwa kubwa. Mpenzi huyu alinung'unika kidogo kwamba Nakia hakupewa hata sentensi moja ya Kiswahili, kisha akarudi ukumbini mara ya pili.

Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana ambayo hakuwa ameitangaza hadharani. Wapenzi wa filamu waligawanyika. Baadhi walidai ateuliwe T'Challa mwingine, kwa hoja nzito: watoto weusi wamesubiri kwa muda mrefu kumwona mfalme kama huyu, na si haki azikwe pamoja na mwigizaji wake. Wengine waliona kwamba kumpa mtu mwingine nafasi hiyo ni kumkosea marehemu. Kwa mujibu wa nadharia ya Liyongo, mwalimu alipaswa kuwa upande wa kwanza. Wanafunzi wake wa zamani walimkumbusha maneno yake mwenyewe. Alishindwa kuwajibu. Kila alipojaribu kumwona T'Challa katika uso mwingine, moyo ulikataa.

Sababu haikuwa katika filamu. Kaka yake, Superman wa mtaani, alikufa katika ajali ya barabarani mwaka 2001. Mwaka uliofuata mpenzi huyu alijaliwa mtoto wa kiume, na kama ilivyo desturi katika jamii nyingi za Kenya, mtoto akapewa jina la marehemu. Bibi yake alimpokea kwa machozi na kumwita mwanangu. Mtoto alikua akiwa mfupi, mpole, mvaa miwani, mwenye kupenda kuchora. Kila alipoanguka mchezoni au alipolia, alikumbushwa jinsi baba yake mkubwa alivyokuwa: alivyoogelea, alivyocheka, alivyokariri maneno ya Gabbar Singh. Waliomkumbusha hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakifanya kile kilichofanywa na walioandika barua mwaka 1989: walimpima mtu aliye hai kwa sura ya mwingine.

Ni John Kani tena aliyempa mpenzi huyu njia ya kulitazama jambo hilo, ingawa si katika filamu. Mwaka 1972 Kani, pamoja na Athol Fugard na Winston Ntshona, walitunga tamthilia ya Sizwe Bansi Is Dead. Ndani yake, mtu asiye na kibali cha kuishi mjini anashawishiwa kutwaa kitambulisho cha maiti iliyookotwa njiani. Anaishi, anapata kazi, lakini kwa jina la marehemu. Anayekufa ni Sizwe Bansi mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameifundisha tamthilia hiyo mara nyingi kama shutuma dhidi ya sheria za ubaguzi wa rangi, na ndivyo ilivyo. Hakuwa amejiuliza ina maana gani katika nyumba yake.

Novemba 2022 alikwenda na mwanawe kutazama Black Panther: Wakanda Forever. Coogler hakumteua T'Challa mwingine. Filamu inaanza kwa kifo cha mfalme kwa maradhi, na vazi linachukuliwa na Shuri, dada yake, anayeigizwa na Letitia Wright. Naye halivai kama alivyolivaa kaka yake, bali kwa hasira na mashaka yaliyo yake. Mwishoni, Nakia anamleta Shuri mbele ya mtoto mdogo aliyelelewa Haiti kwa jina la Toussaint. Mtoto anasema jina lake jingine: ni T'Challa, mwana wa mfalme T'Challa. Jina limerithiwa. Hakuna anayemwambia mtoto huyo aruke, apigane, au afanane na baba yake.

Walipokuwa wakitoka ukumbini, kijana alisema neno moja. "Afadhali yule, baba. Amepewa jina bila kupewa vazi."

Mpenzi wa filamu hakumjibu siku ile. Tangu hapo, hata hivyo, nadharia yake imebadilika kwa mara ya pili. Bado anaamini kwamba shujaa ni mali ya mapokeo, na hapana shaka siku moja T'Challa atapata mwili mwingine, kama Superman alivyoipata mingine. Lakini sasa anashikilia kwamba uteuzi mwema ni ule unaomruhusu mteuliwa aje na mgongo wake, ulimi wake na upungufu wake, kama Reeve, Kani na Keaton walivyokuja na vyao. Mtazamaji anayedai sura ya zamani irudi kama ilivyokuwa hamtendei haki aliye hai, wala hamrudishi aliyekufa. Mwanawe sasa ni mchoraji. Ukutani mwa sebule yao imetundikwa picha aliyoichora ya mvulana mrefu aliyevaa leso mabegani. Chini yake ametia sahihi kwa jina ambalo ni lake na la yule aliyemchora.