Kanda ya Banda la Rudewa

Mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Rudewa penye mashamba ya mkonge, niliingia bure katika banda la video kwa kuwa kaka ndiye aliyekuwa mtafsiri. Kanda ilikuwa Dragon Ball Z, katuni ya Kijapani ya mapigano iliyoanza mwaka 1989. Goku alipoanguka, kaka alipaza sauti kuishinda jenereta: "Amesafiri, atarudi!"

Juzi nimeitazama tena kwenye DVD. Picha ni safi, ngumi zinasikika vizuri. Lakini maandishi yanasema wazi: Goku amekufa akimwokoa mwanawe. Kaka alilijua hilo. Mwaka ule tulikuwa tumemzika baba. Goku hurudi baadaye, baba hakurudi. Ndugu msomaji, DVD ni nzuri, ila tafsiri ya kaka ndiyo niliyoihitaji.