Darasa la Vyuma Chakavu

Nilizaliwa Masafu, Uganda, lakini riziki yangu niliichuma Tororo, mji ambao kiwanda chake cha saruji kimevuta vijana wa mpakani tangu miaka ya 1950. Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda kidogo, kisha nikakabidhiwa kazi ya kufundisha wafanyakazi wapya.

Enzi hizo mafunzo yalikuwa safari. Mtu alipelekwa Kampala, akalipiwa hoteli na posho, akarudi na cheti. Beringi zikaendelea kufa vilevile. Fedha za safari zilipokatwa, niliomba benchi, jiriwa, shafti kuukuu na beringi zilizotupwa. Tulisoma siku za matengenezo, mitambo ikiwa imezimwa, ili uzalishaji usisimame kwa ajili ya somo.

Somo la kwanza lilikuwa kuvisha beringi kwenye shafti. Kijana alishika nyundo akagonga ringi ya nje.

"Mzee, si imeingia?"

"Imeingia, mwanangu. Hebu izungushe."

Akasikia mikwaruzo vidoleni. Kishindo kilikuwa kimepita kwenye gololi na kuchimba njia yake. Beringi ya namna hiyo haina maisha. Nikachukua nyingine, nikaweka bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani tu, nikagonga taratibu. Ikazunguka bila sauti. Kisha akafanya mwenyewe, huku akinieleza sababu ya kila hatua. Ile iliyoharibika ilitoka jalalani, kwa hiyo somo halikumgharimu tajiri chochote.

Mwandae, mwonyeshe, afanye mwenyewe, umfuatilie: Marekani ilitumia hatua hizo nne viwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilipohitaji kufunza wafanyakazi wapya upesi. Ilianza kwa kuwafunza wasimamizi namna ya kufundisha. Unafuu umo humo: msimamizi akijua kufundisha, kila zamu ina mwalimu asiyedai nauli.

Na sheria zinatubeba. Uganda, fundi anaweza kupimwa kwa kazi ya mikono yake, hata kama hakupita chuoni. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, mwajiri hutoa tozo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na akifunza watu wake anaweza kudai kurejeshewa gharama.

Wenye viwanda, msiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu kila kitu. Bakizeni kimoja cha kila aina, muwape mafundi wenu wakongwe benchi na muda wa kufundisha. Ujuzi wao wakistaafu nao, kuununua upya ni ghali mno.