Neno la Mfungwa

Parole ni neno la Kifaransa, na maana yake ni neno: lile litokalo kinywani, na hasa neno la ahadi. Katika vita vya zamani, mateka aliyeapa kwamba hatashika tena silaha aliweza kuachiwa kwa kiapo chake tu. Waingereza wakalichukua, Wamarekani wakalijengea ofisi. Ndugu zetu wa Bara wameliacha kama lilivyo. Sheria yao ya mwaka 1994 inaitwa Sheria ya Bodi za Parole. Sisi wa Visiwani, ambao jela tumeiita Chuo cha Mafunzo, hatuna sababu ya kuogopa kutafuta jina. Mimi, niliyejifunza kufasiri kwa kupekua kamusi bila ya mwalimu, nilidhani "ruhusa ya ahadi" itatosha.

Haikutosha. Bibi mmoja wa mtaani kwetu aliniletea karatasi iliyotoka California. Mwanawe, aliyekwisha kuwa raia wa huko, alikaribia kutoka gerezani, naye mama alitaka kujua serikali inamtaka nini. Tukakaa barazani, nikawa nafasiri kwa sauti. Aripoti kwa ofisa wake siku ya kwanza ya kazi baada ya kutoka. Asiende zaidi ya maili 50 kutoka anapoishi bila ya ruhusa. Akihama au akibadilisha kazi, atoe taarifa. Mwili wake, nyumba yake na vitu vyake vyaweza kupekuliwa saa yoyote, usiku au mchana, bila ya hati. Jambo ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani ililihalalisha mwaka 2006, katika kesi iliyotoka California hiyo hiyo.

"Sasa, Mwalimu," akaniuliza, "wamemwachia au hawajamwachia?"

"Wamemrefushia kamba, Bi Mkubwa."

"Kama mbuzi?"

Nikanyamaza. Kitenzi nilichokitafuta sikukipata, na hadi leo nakitafuta.

Ajabu ni kwamba fikra yenyewe ilikulia kisiwani. Mwaka 1840, Alexander Maconochie alipewa kusimamia wafungwa katika kisiwa cha Norfolk, mashariki ya Australia. Badala ya kuhesabu miaka, alitaka mfungwa ahesabiwe alama, azichume kwa kazi na mwenendo wake, na kila hatua alegezewe zaidi mpaka awe huru. Wakubwa hawakupendezwa, mwaka 1844 alikwisha kuondolewa. Walter Crofton akaiendeleza fikra hiyo Ireland katika miaka ya 1850, na gereza la Elmira, lililofunguliwa New York mwaka 1876, likaipandikiza Marekani. Nimsomavyo mimi, Maconochie alitanguliza imani, ulinzi ukafuata. Karatasi niliyoishika barazani ilikuwa imegeuza mpango: jina lake ni ahadi, na kila mstari wake ni shaka.

Simlaumu ofisa wa parole. Huko California yeye hubeba bastola, na yeye huyo huyo ndiye anayetarajiwa kumwelekeza mtu kwenye chumba cha kulala, kazi, na tiba ya ulevi. Mkono mmoja unabembeleza, wa pili umeshika pingu. Na anayetoka gerezani hukabidhiwa dola 200, kiwango kilichopangwa katika miaka ya 1970, kana kwamba bei ya mkate nayo imefungwa tangu wakati huo.

Yapo yaliyorekebishwa. Tangu mwaka 1972 mtu hawezi kurejeshwa gerezani kwa kuvunja masharti bila ya kusikilizwa. Tangu mwaka 2011 wengi wanaoyavunja California hupelekwa jela ya kaunti, si gereza la jimbo. Mwaka 2020 sheria ilipunguza muda wa usimamizi, kwa wengi ukawa miaka miwili. Na Novemba ya mwaka huo wapiga kura wakawarudishia walio katika parole haki ya kupiga kura. Hili la mwisho naliona kubwa kuliko yote. Mtu anayedaiwa neno, naye awe na la kusema.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mdhamini ni nani. Kwetu, mtu akitoka, huja mjomba au jirani akasema mbele ya watu: huyu ni wetu, akipotoka tutamrudi sisi. Nikaipitia tena karatasi, mbele na nyuma. Hapakuwa na mstari wa kuandika jina la mtu kama huyo.

"Basi chukua kalamu," akasema. "Mwandikie huyo ofisa kwa Kiingereza. Mwambie kijana ana mama. Siku asipoonekana ofisini, kabla ya kumfunga anipigie simu mimi."

Nikaandika. Nambari ya simu akanisomesha kwa sauti mara mbili, kisha akaikunja barua mwenyewe.