Asilimia Themanini

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeisoma makala ya Campos tena, kwenye basi, nimesimama. New York Times, 4 Aprili 2015. Miaka kumi imepita na bado inachoma. Anaanza kwa mtindo wa hadithi: hapo kale Marekani, vijana walijilipia chuo kwa vibarua vya likizo, kisha serikali ikabana mkono, karo ikapaa. Unatikisa kichwa, ndiyo, ndivyo tunavyoambiwa siku zote. Halafu anageuka ghafla. Hiyo ni ngano, na ukweli karibu ni kinyume chake.

Nilishtuka palepale. Kisha nikarudi juu kutazama amefanyaje. Mpinzani kampa nafasi ya kwanza, lakini kwa sauti ya bibi anayewasimulia wajukuu. Hoja haijajibiwa bado na tayari inasikika ya kitoto.

Hili liingie kwenye insha ya darasa. Nisisahau.

Jumatano, 10 Septemba

Sijalala. Zamu ya usiku iliisha saa moja asubuhi, darasa saa nne.

Swali la leo: nani anasema, na kwa nini tumsikilize? Profesa wa sheria, Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Chuo cha umma. Yaani analalamikia nyumba inayomlisha. Mtu akimsema mshindani wake unayapima maneno. Akiwasema wa kwao, unasogeza kiti karibu.

Tumegawiwa makala ya Bennett pia, Februari 1987, gazeti hilohilo. Waziri wa elimu wa Reagan. Kichwa cha makala chatosha: vyuo vina tamaa. Kwake, serikali ikiongeza misaada ya karo, vyuo navyo vinapandisha bei kwa kuwa pesa ipo. Mkali, moja kwa moja. Campos ananishika zaidi. Hatukani, anahesabu.

Mama kapiga nikiwa darasani. Nimpigie kesho.

Jumamosi, 13 Septemba

Mdogo wangu amepata majibu ya ufadhili wa chuo! Bendi ya 3, kwa kadiri ya uwezo wa nyumbani. Nyumbani ni vigelegele. Mwalimu mkuu kamwambia Mama serikali italipa asilimia 80, na Mama kaishika themanini yake, anaizungusha mtaa mzima.

Nikaomba picha. Ikaja kwenye simu, imekatwa pembeni, lakini inasomeka. Ufadhili 50. Mkopo 30. Nyumbani 20.

Themanini imetoka wapi? Hamsini na thelathini, zimejumlishwa. Na ile thelathini atairudisha yeye mwenyewe akishamaliza, apate kazi asipate.

Sikumwambia Mama. Alikuwa anacheka. Ni lini mara ya mwisho nimemsikia anacheka vile?

Jumapili, 14 Septemba, usiku

Kumetulia kazini. Bibi wa chumba cha mwisho kalala mapema. Nina Campos na kalamu.

Bajeti ya jeshi alipoandika ilikuwa mara 1.8 ya ile ya 1960. Fedha za umma kwa vyuo, zaidi ya mara 10. Inatisha ukiisoma mbio. Lakini kwa nini 1960? Waliokwenda chuo wakati ule walikuwa wachache sana. Anayechagua mwaka wa kuanzia ameshachagua nusu ya jibu.

Gari: kama bei za magari zingepanda kama karo kwa miaka thelathini, gari jipya lingepita dola 80,000. Hili ni zuri kweli. Watu hapa Marekani wanajua bei ya gari. Gharama ya kuendesha chuo haijui mtu.

Saa tisa sasa. Nimeipata sentensi yenyewe. Iko katikati, haina kelele. Wanafunzi walikuwa wameongezeka karibu nusu tangu 1995, kwa hiyo fungu la majimbo kwa kila mwanafunzi lilikuwa chini kidogo ya kilele chake cha 1990.

Kwa kila mwanafunzi! Mabilioni yale mengine yote, 86.6 mwaka 2009, kisha 81, ni ya jumla. Mimi silipi kwa jumla. Nalipa kwa kichwa, hiki kimoja. Na hajadanganya, hilo ndilo linaloniumiza. Kweli ameiandika, ila ameiweka mahali msomaji ameshakasirika na anapita. Ningekuwa na haraka ningepita na mimi.

Nimepiga mstari mpaka karatasi imechanika. Kengele. Naenda.

Jumatano, 17 Septemba

Leo darasani ilikuwa aya ya Cal State, vyuo vya umma vya California. Kati ya 1975 na 2008, walimu wa muda wote kutoka 11,614 hadi 12,019. Wafanyakazi wa utawala kutoka 3,800 hadi 12,183. Ongezeko la asilimia 221. Darasa likapiga miluzi. Mimi nikaandika pembeni: hakuzungusha. Angesema elfu kumi na mbili tungebisha. 12,183 inaonekana mtu amesimama mlangoni akawahesabu mmoja mmoja.

Ikaja sentensi ya wahadhiri. Miaka 45 kabla ya makala, asilimia 78 waliajiriwa muda wote. Wakati anaandika, nusu walikuwa wa muda, kwa malipo madogo. Mhadhiri wetu aliisoma mwenyewe kwa sauti. Akasimama kidogo, akaendelea na aya inayofuata.

Anafundisha vyuo viwili. Siku ile ya mvua aliponipa lifti niliona kiti chake cha nyuma: insha zetu kwenye boksi la karatasi za kuchapia, boksi jingine la chuo cha pili, koti, chupa ya chai. Ndiyo ofisi. Na mimi nauza usiku wangu kulipa karo hii.

Makala nzima haina uso wa mtu, hakuna mzazi anayelia, hakuna kijana mwenye deni. Hajatuomba huruma hata mara moja. Mimi uso nikauona palepale, mbele ya ubao. Kwa hili Campos kanipata na sijitoi.

Ijumaa, 19 Septemba

Mhadhiri anasema nisiandike kama Campos yuko sawa au hayuko sawa, nieleze anavyomvuta msomaji. Nimejaribu. Nimefuta. Nitamwambia anavyovuta na kule anakonivuta nisikotaka kwenda.

Mdogo wangu nilimwandikia aulize: 20 ya kiasi gani, kwa mwaka au kwa muhula, malazi yamo? Jibu limekuja jioni. “Dada, ni ya karo tu. Malazi na chakula havimo.”

Basi nikampigia Mama.

“Kwa hiyo ile thelathini ni deni.”

Deni, Mama.

“La nani?”

La mwanao.

“Mwalimu hakutaja deni.”

Hakutaja. Wala hakusema uongo, alijumlisha.

Kimya. Kisha: “Ungeniacha nayo hata mpaka kesho, mwanangu, nikalala.”

Sina cha kuandika hapa.

Jumatatu, 22 Septemba

Insha imekwenda. Aya ndefu kuliko zote ni ya sentensi ya 1990, mahali ilipowekwa na kilichotangulia. Nyingine ni ya mwisho wa makala, mishahara ya wakubwa wa vyuo ya tarakimu saba, ili ufunge gazeti hasira ikiwa na pa kwenda. Mwanafunzi na fungu lake la kichwa ameshasahauliwa. Niliandika hivyo hivyo, bila kupamba. Sijali alama.

Mama kapiga nikitoka maktaba. Ameweka sauti ya juu, nasikia kuku na redio. Wako na majirani wawili, kila mmoja ana majibu ya mwanawe. Ametembea nyumba kwa nyumba kuwaita.

“Haya, wasomee kama ulivyonisomea.”

Wa kwanza bendi ya 5. Ufadhili 30, mkopo 30, nyumbani 40. Nikamuuliza, mama, mmeambiwa serikali inatoa ngapi?

“Sitini.”

Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia atafute kalamu, aandike thelathini mbili kwenye mistari miwili, asizijumlishe. Ya kwanza hairudishwi. Ya pili aandike jina la mtoto mbele yake. Akauliza na arobaini je, aandike jina la nani? Mama akamjibu kabla yangu: “Lako.”

Wa pili ana bendi ya 4, na ana maswali mengi. Salio limekwisha katikati. Naongeza sasa hivi niwapigie.