Tambi kwa Mchicha

Wako watu wanaodhani kuwa mapishi ni jambo dogo lisilostahili karatasi wala wino. Mimi siafikiani nao. Katika nchi kavu kama Turkana, ambako maji huchotwa mbali na kuni ni haba, namna mtu apikavyo huonyesha namna afikirivyo. Kwa hiyo, msomaji, nataka kukufundisha chakula kimoja chepesi.

Huenda umezizoea tambi za pwani, zitiwazo sukari. Ninazosema hapa ni tambi za chumvi, ambazo Wasomali huziita baasto. Waitalia waliotawala kusini mwa Somalia ndio walioziingiza huko. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1960 utawala uliondoka, tambi zikabaki. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudan; Wasomali nao walipofika, walikuja na mapishi yao. Leo tambi hununuliwa madukani Kakuma, na hata Lodwar, mwendo wa yapata kilomita 120. Wahenga walisema kweli: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mboga nyingi za Lodwar huletwa kwa malori kutoka Kitale, na njiani hunyauka. Lakini mchicha hustahimili joto, na huchumwa baada ya majuma machache tu. Katika makazi ya Kalobeyei, yaliyoanzishwa mwaka 2016, watu huupanda katika vitalu vilivyochimbwa chini kidogo ili maji yasipotee.

Sasa washa makaa. Kwa watu 5, kaanga vitunguu 2 katika vijiko 3 vya mafuta, kisha utie kitunguu saumu na nyanya 4 zilizokatwa. Zikilainika, mimina lita 1 na nusu ya maji, utie chumvi. Yakichemka, vunja tambi nusu kilo, uzitie humo humo, ukikoroga mara kwa mara zisishikane. Vitabu vingi huagiza tambi zitokoswe katika maji tele, kisha maji yamwagwe. Aandikaye hivyo hajapata kuchimba maji katika mchanga wa mto Tarach. Baada ya dakika 10 hivi, maji yatakuwa yamekaribia kukauka. Hapo ndipo utie mafungu 2 ya mchicha uliooshwa na kukatwa, ufunike dakika 3, kisha uepue. Kamulia ndimu: mchicha una madini ya chuma, na ndimu huusaidia mwili kuyapokea.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa wafugaji, alipoona chakula hiki aliniambia, "Mwalimu, majani ni chakula cha mbuzi." Sikumcheka. Katika nchi ya miiba, mbuzi hula majani ambayo mtu hawezi kuyala, akayageuza maziwa. Hiyo ni hekima ya kale, nayo imewalea watu wengi. Lakini ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ulidumu misimu 5 ya mvua mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Nao wakimbizi, mwaka 2025 posho yao ilipunguzwa sana. Hivyo mwenyeji na mgeni wamejikuta mbele ya njaa ile ile, na kila mmoja ana jambo ambalo mwenziwe hana budi kujifunza.

Nilimpa sahani. Alikula kimya hadi mwisho, akasema kwamba bado ni chakula cha mbuzi, akaomba nyingine.

Basi nawe jaribu, msomaji. Huhitaji nyama wala jiko la fahari. Huhitaji ila sufuria moja, makaa machache na moyo usiodharau cha jirani. Na yale maji uliyooshea mchicha usiyamwage ovyo. Yapeleke kitaluni, yakaoteshe mwingine.